Kabla hujanunua lori langu

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa biashara uliwashauri wastaafu waweke kiinua mgongo chao kwenye kichwa cha lori na tela, waingie katika uchukuzi wa makontena ya bandarini. Mwandishi alisema kontena halina usumbufu: halilowi, halimwagiki, halitaki kuli wa kulipakia, na maadamu meli haziishi kuja, kazi nayo haiishi. Aliandika vizuri. Makala yale niliyasoma nikiwa kwenye foleni ya geti. Nikayamaliza, nikasoma matangazo ya vifo, nikajaza fumbo la maneno lote isipokuwa neno moja, na foleni ilikuwa imesogea urefu wa malori mawili.

Mimi ni dereva-mmiliki. Maana yake lori ni langu, deni ni langu, usukani ni wangu na usingizi nisioulala ni wangu pia. Nimebeba makontena miaka 14. Kabla ya hapo niliendesha lori la mtu kwa miaka 9, na siku nilipokabidhiwa funguo za langu niliona nimeshavuka mto. Sasa nataka kuacha. Kuendesha siachi, maana sijui kazi nyingine. Ninachoacha ni makontena. Na kwa kuwa mpwa wangu naye amesoma makala yenu na tayari ameniuliza bei ya kichwa na tela, nimeona nimjibu yeye na wastaafu wenu kwa barua moja.

Lililo kweli katika makala yenu nalikubali. Kulibeba kontena ni kazi safi. Kreni inashusha, pembe nne zinakaa juu ya kufuli nne za tela, nashuka, nageuza mipini minne, nakagua lakiri, ule muhuri wa mlangoni, kama namba yake ni ile iliyo kwenye karatasi, nawasha, naondoka. Dakika kumi. Aliyewahi kufunga maturubai juu ya magunia huku mvua inanyesha anajua hiyo ni neema ya namna gani. Hata barabarani silalamiki. Lori langu ni zee lakini lina breki, na mimi ni mzee lakini nina macho.

Kinachoniondoa ni kusubiri.

Mwaka jana mama watoto alinipa daftari la shule lililobaki nusu, akasema, "Badala ya kunung'unika kila ukirudi, andika." Nikaandika kwa miezi mitatu. Kila safari niliweka saa niliyotoka nyumbani, saa nilizokuwa nimesimama, saa magurudumu yalipokuwa yakizunguka, na saa niliyorudi. Zilitimia safari 47 na saa 806. Katika hizo, saa ambazo lori lilikuwa linakwenda zilikuwa 198. Nilirudia kujumlisha kwa kikokotoo cha simu, kisha nikampa binti yangu wa kidato cha tatu naye ajumlishe. Ni zilezile. Saa 608 nilikuwa nimekaa juu ya kiti nikitazama taa za nyuma za mwenzangu.

Nasi tunalipwa kwa safari, Ndugu Mhariri. Kontena likitoka bandarini likafika ghalani, na tupu likarudishwa, hiyo ni safari moja, iwe imechukua saa sita au siku mbili. Mama watoto alipoona hesabu ile alisema ni afadhali ningekuwa mlinzi wa lori kuliko mwenye lori, maana mlinzi hulipwa kwa kukaa.

Wasomaji wasidhani nachagua siku mbaya makusudi, lakini nitasimulia moja ili anayetaka kununua ajue kusubiri kunatoka wapi. Foleni ndefu ya malori huwa haina sababu moja, na ndiyo maana kila unayemuuliza anakuonyesha mwingine.

Miadi yangu getini ilikuwa saa moja asubuhi. Niliamka saa tisa usiku, saa kumi alfajiri nikawa kwenye mstari, kwa sababu ukifuata saa ya miadi utaikuta foleni imeshakupita. Saa tatu na nusu nikafika dirishani. Karani akaandika namba ya kontena, kompyuta ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Nikaambiwa nitoke kwenye mstari, niegeshe pembeni, nimpigie aliyenituma. Aliyenituma ni dalali wa usafiri. Dalali akampigia wakala wa forodha. Wakala akawa hapokei. Kumbe mtu ofisini kwake alikuwa amepiga 8 badala ya 3. Yalisahihishwa saa sita mchana. Miadi yangu ilikuwa imekufa zamani, nikapewa nyingine ya saa nane.

Saa tisa nikaingia ndani. Kontena langu lilikuwa chini ya mengine matatu. Kwenye uwanja wa makontena mambo yamepangwa kama sahani kabatini: anayetaka ya chini lazima aondolewe za juu kwanza, na aliyezipanga hakujua nani atakuja lini. Nikasubiri. Wafanyakazi wa zamu wakabadilishana. Nikasubiri. Saa kumi na moja jioni likatua juu ya tela kwa kishindo kilichonipandisha mgongo mpaka kisogoni, nikafunga kufuli, nikatoka. Ghalani nikafika saa moja usiku. Mlinzi akanionea huruma, akanionyesha pa kuegesha, akaniambia wapakuaji wameshaondoka.

Nililala ndani ya kichwa. Kesho yake wakaanza kupakua saa tatu, wakamaliza saa saba. Basi bado kulirudisha tupu, sehemu ambayo mwandishi wenu hakuigusa kabisa. Uwanja wa kwanza wa makontena matupu ukasema umejaa, hawapokei ya kampuni hiyo tena leo, niende uwanja mwingine, upande wa pili wa mji. Kule wa pili mkaguzi akaingia ndani, akafunga milango, akakaa gizani akitafuta tundu linalopitisha mwanga, hakuona. Akawasha tochi, akaona doa la mafuta sakafuni. Likakataliwa mpaka lioshwe. Nikaliosha mimi, kwa sabuni ya kununua palepale getini, nimeikunja suruali. Nikawa huru saa tatu usiku.

Saa 41. Magurudumu yalizunguka saa 5 na dakika 20. Safari moja.

Namba ile iliyokosewa iliniuma kuliko mengine yote, nikaamua kujua kwa nini kompyuta ilikataa bila hata kulitafuta kontena. Nikagundua jambo ambalo nimekuwa nikilitazama miaka yote nisilione. Kila kontena duniani lina herufi nne, ya nne kwa kawaida ikiwa U, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ndani ya kisanduku peke yake. Hiyo ya kisanduku ni ya kuzikagua zile nyingine. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, huku 11 na jamaa zake 22 na 33 zikirukwa. Ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, unaongeza maradufu hivyohivyo mpaka ya kumi kwa 512. Unajumlisha yote, unagawanya kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya kisanduku. Baki ikiwa 10 inaandikwa 0. Mtu akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu haikubali. Sasa nikipokea agizo nakokotoa kwa kalamu kabla sijawasha lori, na tangu hapo nimekamata makosa matatu nikiwa bado nyumbani. Madereva wenzangu wananiita Mwalimu. Hata hivyo sijawahi kumwona dalali wala wakala anayeifanya hesabu hiyo, kwa sababu wao wakikosea hawasimami juani.

Kuna kisa kingine nilichokipata katika kusomasoma kwangu foleni, na sijui nicheke au nilie. Kontena hili tunalolijua lilitokana na dereva wa lori aliyechoka kusubiri. Aliitwa Malcom McLean, Mmarekani, alianza na lori moja lililotumika mwaka 1934. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwaka 1937 alipeleka marobota ya pamba kwenye gati la Hoboken, akashinda kutwa ndani ya lori lake akiwatazama makuli wakichukua robota moja moja kutoka kwenye malori na kulipandisha melini. Akajiuliza kwa nini lisinyanyuliwe sanduku zima la lori likawekwa melini kama lilivyo. Wengine wanasema hadithi aliipamba alipokuwa tajiri. Iwe iwavyo, tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Gharama ya kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida wakati ule ilikuwa karibu dola 6. Kwa kontena ikashuka chini ya senti 20.

Basi aliyeponywa kusubiri ni nani? Meli. Zamani meli ililala gatini wiki nzima ikipakuliwa, sasa inapakuliwa kwa siku moja au mbili na inaondoka. Kutoka makontena 58 tumefika kwenye meli zinazobeba zaidi ya 24,000 ya futi 20. Kubwa kama hizo zikija, hata zisipoteremsha yote, zinateremsha maelfu kwa mkupuo, na maelfu hayo lazima yapite kwenye geti lilelile, kwa lori moja moja, kama maji ya pipa yanayopita mdomo wa chupa. Ile kutwa nzima ya McLean pale Hoboken haikufutwa. Ilihamishwa kutoka ukingo wa gati hadi nje ya ukuta, na sisi tulioko nje ndio tunaoikalia.

Na nyote mnaonunua malori mlijue hili pia: McLean mwenyewe aliiachia kampuni yake ya malori mwaka 1955, mwaka mmoja kabla ya safari ile, akaingia kwenye meli. Alijua kusubiri kunaelekea wapi.

Mwezi Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez siku 6, dunia nzima ikakaa macho. Mwaka huohuo meli zilirundikana nje ya Los Angeles na Long Beach, magazeti yakawa yanazihesabu kila siku kama watu wanaohesabu kura. Hatukusikia hata siku moja hesabu ya malori yaliyokuwa upande wa pili yakizisubiri. Meli ikisubiri ni habari. Lori likisubiri ni foleni, na madereva wa magari madogo wanatupigia honi kwamba tunawazibia njia, kana kwamba tumekaa pale kwa raha zetu.

Sasa niseme linaloniudhi hasa, maana foleni peke yake ningeivumilia kama nilivyoivumilia.

Kontena lina saa yake. Likishateremshwa, kampuni ya meli na kituo cha makontena cha bandarini humpa mwenye mzigo siku chache za bure. Zikipita, kila siku ina tozo. Likitoka bandarini, saa nyingine inaanza: siku kadhaa za kulirudisha tupu, zikipita ni tozo. Hakuna anayeshangaa. Kila mmoja anakubali kwamba sanduku la chuma likicheleweshwa, mwenye sanduku amepoteza kitu na lazima alipwe. Kituo kina saa yake, nikichelewa miadi natozwa au napoteza nafasi. Benki ina saa yake, tarehe 5 ya kila mwezi haijawahi kusogea hata kwa sikukuu. Mwenye ghala ana saa yake ya kufunga. Katika mnyororo mzima ni kitu kimoja tu ambacho muda wake ni bure: lori langu na mimi ndani yake.

Na kitu cha bure, Ndugu Mhariri, hakuna anayekiwekea akiba. Karani hana sababu ya kuharakisha, wala wakala hana sababu ya kukagua namba. Mwenye ghala kwake ni nafuu aajiri wapakuaji watatu badala ya sita, kwa sababu ninapomsubiri saa nne za ziada gharama yake haionekani kwenye vitabu vyake. Iko kwenye vyangu. Kusimama kwangu ndiko kunakowanunulia wenzangu utulivu. Sisemi kuna mtu mbaya. Nimefahamiana na makarani wema sana, mmoja alikuwa ananiletea chai dirishani mpaka alipohamishwa. Nasema kila mmoja anafanya linalomfaa, na bili inateremka mpaka kwa mtu wa mwisho asiyeweza kuiteremsha zaidi.

Mtaniuliza kwa nini sipandishi nauli. Nilipandisha. Nilimwambia dalali kwamba saa ya tatu ya kusubiri na kuendelea nitaihesabu. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Sawa mzee wangu, nimekuelewa kabisa." Wiki tatu simu yake haikulia. Nyuma yangu kuna mwenye lori mpya, mkopo mbichi, ambaye bado anaamini mwezi ujao utakuwa mzuri. Naye nyuma yake yuko mstaafu aliyesoma makala yenu. Kila anayeingia anaishusha bei ya saa za wote waliomtangulia, kisha baada ya mwaka mmoja na nusu hivi anaelewa, na hapo anakuwa na deni ambalo halimruhusu kutoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kina matairi 22.

Hatari nitazipitia haraka kwa kuwa kila kazi ya barabarani ina zake. Ila moja ni ya kontena peke yake: unawajibika kwa kitu usichokiona. Lakiri iko mlangoni na si ruhusa yangu kuivunja. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama baharini zinataka uzito wa kila kontena lililojaa uthibitishwe kabla halijapakiwa melini, na ni jambo jema, meli haitabebeshwa uongo. Lakini uzito wa jumla hauniambii mzigo umelala wapi. Niliwahi kupita mizani jumla ikiwa sawa kabisa, ekseli za nyuma zikazidi, kwa sababu huko ulikotoka walipanga mashine zote mlangoni. Aliyetozwa ni lori. Siku nyingine karatasi ziliandikwa mafuta ya kula, nikadhani madumu. Kumbe ndani ni ule mfuko mmoja mkubwa unaojazwa hadi lita 24,000 kwenye kontena la futi 20. Nilipofika mzunguko wa kwanza nikashika breki kama kawaida. Lori likasimama, mafuta hayakusimama. Yalikuja mbele, yakanisukuma, yakarudi, yakanisukuma tena. Nilimaliza safari ile kwa mwendo wa baiskeli, jasho linanitoka na kipupwe chote kile.

Na kuna ile ya kufuli. Wakati wa kushusha kontena unafungua zote nne, kreni inanyanyua. Siku hiyo niligeuza zote nne kwa mkono wangu, nikapanda kitini, lakini ya nyuma kushoto ilikuwa na kutu, mpini uligeuka na kichwa cha ndani hakikugeuka. Kreni ikanyanyua. Niliona dashibodi inalala upande, nikadhani ni kizunguzungu cha njaa, kumbe ni tela linapaa na mimi nimo. Niliibonyeza honi mpaka mwendesha kreni akasikia. Akashusha. Hakuna aliyesema neno. Nilishuka, nikaipiga ile kufuli kwa nyundo, ikaachia, kazi ikaendelea. Usiku nilipomsimulia mama watoto alinyamaza, kisha akauliza kama siku hiyo ilihesabiwa safari moja au mbili.

Wapo watakaosema dunia ndivyo ilivyo na haibadiliki. Kuna mahali imebadilika, kidogo. Kwenye bandari ya Botany, Sydney, waliweka kanuni kwamba mwenye lori akikosa miadi yake anatozwa, na kituo nacho kikimchelewesha kupita muda kinamlipa yeye. Msumeno unakata huku na huku. British Columbia huko Kanada madereva wa makontena wa Vancouver waligoma karibu mwezi mzima mwaka 2014, na baadaye mwaka huohuo ikatungwa sheria ya uchukuzi wa makontena, ikawekwa ofisi ya kamishna wa kupanga viwango vya malipo ambavyo dalali haruhusiwi kwenda chini yake. Korea Kusini walikuwa na nauli za chini za kisheria kwa malori ya makontena na saruji kuanzia 2020, wakiamini kwamba dereva anayelipwa vizuri hakimbii ovyo wala hasinzii. Sheria ile ilikuwa na mwisho wake, madereva wakagoma mara mbili mwaka 2022 ili isife, ikafa mwisho wa mwaka huo. Yaani hata kilichopatikana kinaweza kuondoka.

Katika hayo yote mimi ningechukua la Sydney. Sihitaji kamishna wa kunipangia nauli. Nauli nitapatana mwenyewe kama mtu mzima. Nahitaji saa yangu iandikwe. Geti linaandika saa ninayoingia na saa ninayotoka, kompyuta inazo zote, kwa sekunde. Aliyeisababisha foleni ailipe baada ya, tuseme, dakika 90. Saa yangu ikianza kuwa na bei, mtashangaa namba zitakavyoandikwa bila makosa, na wapakuaji watakavyopatikana jioni. Lori la kawaida likisimama injini ikinguruma linakunywa lita 3 hivi za dizeli kwa saa. Hata wasiojali mgongo wangu wangeona moshi umepungua.

Lakini sitakaa nikisubiri kanuni hiyo. Nimesubiri vya kutosha. Mgongo wangu una alama ya kila kontena lililotua kwa kishindo, na daktari aliponiuliza nakaa kitini saa ngapi kwa siku sikumficha, akaweka kalamu chini akanitazama. Kibofu changu nacho kimezeeka, na kwenye foleni hakuna choo, na ndani ya uwanja hairuhusiwi kushuka isipokuwa kwa kazi ya kufuli. Wanaojua wanajua tunabeba chupa. Sioni aibu kuiandika, aione aliyeijenga bandari bila choo cha madereva.

Nimepatana na mtu wa mbao. Gari la tani 10, bodi wazi, napakia asubuhi kiwandani na kushusha kwa mafundi. Mbao zitanilowesha, zitanipa kazi ya kamba na turubai, nauli kwa safari ni ndogo kuliko ya kontena, na mwandishi wenu angeniona nimerudi nyuma. Ila tulipoketi kupatana nilitoa daftari langu mezani, nikamwonyesha. Aliangalia kurasa mbili tatu, akasema, "Kwangu zikipita saa mbili hujapakiwa, nakuhesabia." Hakuna aliyewahi kuniambia sentensi hiyo miaka 14. Nikakunja daftari tukapeana mikono.

Nitakumbuka vitu. Bandari usiku ikiwaka taa zote, kreni zikiinama na kuinuka kama korongo wanaokunywa maji, inapendeza hata ukiwa na hasira. Wenzangu wa foleni pia, tumezikana, tumeozeshana, tumechangiana betri. Mmoja wao tulifahamiana kwa sababu lori lake lilikuwa mbele yangu kwa saa 11.

Sasa mpwa wangu, najua unasoma maana gazeti hili ni lako mimi huazima. Lori nitakuuzia. Sitakudanganya kuhusu injini wala sitakupunguzia kwa sababu ya undugu. Lakini kabla hujaenda benki, njoo Jumamosi saa kumi alfajiri, si saa kumi na moja, ukae kiti cha abiria safari moja nzima, mpaka tupu lirudi. Njoo na maji, njoo na kitu cha kusoma, simu uichaji kabisa. Usimwahidi mtu yeyote kwamba jioni utakuwa nyumbani. Ukishuka bado unalitaka, bei ni ileile niliyokutajia. Kufuli ya nyuma kushoto bado inakwama siku za unyevunyevu. Nyundo iko chini ya kiti, nayo imo kwenye bei.

Ni mimi,
Dereva-mmiliki, miaka 14 kwenye makontena